Baridi Imesingiziwa: Miti ya Mitaani Texas Ilianza Kufa Zamani

Barua niliyoikuta mlangoni mwezi uliopita ilikuwa na mistari minane tu. Chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu, hapa pembezoni mwa Houston, kilitujulisha kwamba miti sita iliyo kando ya barabara itakatwa kwa sababu "iliuawa na baridi ya 2021", na mahali pake itapandwa mingine sita ya aina ileile, siku moja, mstari mmoja, kimo kimoja. Niliisoma mara mbili, nikacheka peke yangu. Miaka mitano ni muda mrefu mno wa kufa. Miti hiyo imechipua kila mwezi wa tatu, imeyawekea magari yetu kivuli kila kiangazi, na leo inaandikiwa cheti cha kifo chenye tarehe ya zamani.

Naona baridi ile imebebeshwa lawama isiyo yake, au tuseme isiyo yake peke yake. Iliikuta miti iliyopandwa kwa pupa, yote rika moja, mingi ya aina isiyoishi sana, imebanwa na zege na kukatwakatwa chini ya nyaya kwa miaka mingi. Iliimalizia tu. Tofauti hiyo ina uzito, maana anayeamini kwamba muuaji ni hali ya hewa hana la kufanya zaidi ya kuomba msimu mzuri. Atapanda vilevile, na watoto wake watapokea barua kama hii yangu.

Kwa asiyekuwepo: kati ya tarehe 13 na 17 Februari 2021 hewa ya kutoka ncha ya kaskazini ilishuka hadi Ghuba ya Meksiko. Kaunti zote 254 za Texas ziliwekwa chini ya tahadhari ya dhoruba ya baridi. Uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth ulipima nyuzi 19 chini ya sifuri. Houston, mji ambao Krismasi watu huweza kuila kwa kaptura, ulifika karibu nyuzi 11 chini ya sifuri. Umeme ulikatika kwenye nyumba zaidi ya milioni nne, na idara ya afya ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246. Sisi tuliokulia penye joto tulilala na makoti, soksi mbilimbili, tukayeyusha theluji kwenye sufuria ili tupate maji ya kumwaga chooni. Hadi leo mtu akisema "ile baridi", hakuna anayeuliza ipi. Tukio lililotuumiza kiasi hicho ni rahisi kulitwisha kila kitu, kuanzia bomba lililopasuka usiku ule hadi mti uliokauka miaka mitano baadaye.

Tuangalie kwanza jinsi baridi inavyoua mti, maana hapo ndipo kesi inapoanza kuyumba. Mti wa nchi zenye majira hujiandaa. Siku zikifupika na ubaridi ukiingia taratibu, seli zake huongeza sukari na kupunguza maji. Jalidi ikifika, maji huanza kuganda kwenye nafasi zilizo kati ya seli, kisha barafu hiyo huyavuta maji ya ndani ya seli hadi zinasinyaa. Kwa maana hiyo mti uliouawa na baridi umekufa kwa kiu. Uliojiandaa huvumilia. Ulioshtukizwa baada ya wiki ya jua, utomvu wake ukiwa umeshaanza kupanda, hauna kinga, na siku chache kabla ya baridi ile kweli tulikuwa tunashinda na fulana. Kuna mialoni iliyopasuka magome kwa wima kama koti lililobana. Kuna miti iliyochipua Aprili kwa akiba ya wanga iliyobaki mizizini na kwenye shina, watu wakashangilia, kisha ikakauka Julai akiba ilipokwisha. Kwa hiyo sikatai: baridi iliua. Ninachouliza ni kwa nini kwenye barabara moja, usiku mmoja, mti huu ulipona na wa jirani yake haukupona.

Mitende inajibu sehemu ya swali hilo, na mtu wa Pwani hahitaji mwalimu hapa. Mnazi una moyo mmoja, kule juu. Moyo ukiharibika, hakuna tawi la pembeni litakalouokoa. Mitende ya mapambo nayo ni hivyohivyo. Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Pangani, aliegemeza ngazi kwenye mtende wake mwezi wa nne mwaka ule, akashika lile kuti changa lililosimama katikati kama mkuki na kulivuta kwa vidole viwili. Lilichomoka bila ubishi, kama kisu kwenye ala, na chini lilikuwa la kahawia, telezi, lina harufu ya muhogo uliovundikwa ukapitiliza. "Huu umeshakwenda, kaka," akasema, akashuka. Wataalamu wa miti wa hapa wana kipimo hichohicho, ila wao hukitoza ada. Ule mtende wa Amerika Kusini uliojaa kwenye viwanja vya maduka, na ile Washingtonia mirefu yenye shina jembamba kutoka Meksiko, ilikufa kwa wingi. Mtende wa asili ya Texas ya kusini, wanaouita sabal, kwa sehemu kubwa ulisimama. Usiku uleule, baridi ileile, matokeo mbali kabisa. Aliyechagua kipi kipandwe wapi ndiye aliyeamua nusu ya matokeo, miaka mingi kabla ya theluji.

Hoja ninayoisikia mara nyingi zaidi, na naiona dhaifu kuliko zote, ni kwamba hakuna aliyeweza kujua, kwa kuwa jambo kama lile halijawahi kutokea. Limetokea, tena si mara moja. Februari 1899 Dallas ilipima nyuzi 22 chini ya sifuri, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Januari 1949 San Antonio ilifika nyuzi 18 chini ya sifuri. Desemba 1983, na tena Desemba 1989, mashamba ya machungwa na mabalungi kwenye bonde la Rio Grande yaliteketea. Desemba hiyo ya 1989 Houston ilishuka hadi karibu nyuzi 14 chini ya sifuri, yaani ilikuwa kali kuliko ile ya 2021 tunayoiita ya ajabu. Mialoni inayofunika North Boulevard mjini Houston, iliyopandwa miaka ya 1920, iliziona zote hizo za karne iliyopita. Haya yameandikwa, na wazee wanakumbuka. Waliosahau ni wauza miche na wanunuzi wao.

Kusahau huko kumepata na mhuri. Wizara ya Kilimo ya Marekani hutoa ramani inayogawa nchi kwa kanda za baridi, na hiyo ndiyo kila muuza miche huitazama anapokwambia mti fulani "unaweza kukaa hapa". Ramani ya 2012 ilitengenezwa kwa takwimu za miaka 1976 hadi 2005. Ramani mpya, iliyotoka Novemba 2023, inatumia miaka 1991 hadi 2020. Tazama vizuri hiyo miaka 30. Imeanza baada ya Desemba 1989 na kuishia kabla ya Februari 2021. Baridi mbili kuu za Texas za maisha ya watu wa leo, moja imebaki nje ya mlango wa mbele na nyingine nje ya mlango wa nyuma! Simtuhumu mtu kwa hila. Miaka 30 ni kipimo cha kawaida cha wanasayansi wa hali ya hewa, na mwaka mmoja hauwezi kuusogeza wastani mbali. Tatizo ni kwamba ramani inapima wastani wa usiku wa baridi zaidi wa kila mwaka, na mti haufi kwa wastani. Mti wa kuishi miaka 60 unapaswa kuchaguliwa kwa kuuliza usiku mbaya kuliko wote ndani ya miaka 60 ulikuwaje. Ramani ya 2023 imeipaka rangi ya joto zaidi takriban nusu ya nchi, na mwenye duka la miche ana haki ya kuitumia kuuza mitende.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, na nusu yake naikubali: tulikosea kupanda miti ya kigeni, turudi kwenye miti ya asili. Mfano wa sabal unaiunga mkono. Lakini inateleza mahali pawili. Kwanza, "asili ya Texas" ni maneno mapana kuliko yanavyosikika, kwa jimbo ambalo ukilivuka kwa gari kutoka mashariki hadi magharibi utalala njiani. Mti wanaouita Arizona ash, uliopandwa kwa maelfu kwenye mitaa mipya ya San Antonio, Austin na Houston baada ya Vita vya Pili, ni mwenyeji halali wa Texas ya magharibi. Ulipendwa kwa kuwa hukua haraka. Mwenye nyumba mpya alipata kivuli kabla mtoto wake hajaanza shule. Hasara yake ni kwamba huzeeka haraka vilevile, na wataalamu wa kilimo wa jimbo wamesema siku zote kwamba hapa mjini huhesabiwa kuishi miaka 25 au 30. Uliopandwa 1965 ulikuwa na miaka 56 siku theluji ilipofika Houston. Ukimkuta babu wa miaka 100 amefariki usiku wa baridi, utaandika kwamba ameuawa na upepo?

Pili, kuna mgeni aliyestahimili baridi ile na bado ni balaa. Mpea wa Bradford unatokana na mbegu za China, Wizara ya Kilimo ikauachia rasmi mwaka 1963, nao ukawa kipenzi cha kila barabara mpya: maua meupe mapema, umbo kama yai, hauna haja ya kutunzwa. Nyuzi 19 chini ya sifuri za Dallas hazikuutisha. Lakini matawi yake huota yamebanana kwa pembe nyembamba, na ukifika miaka 15 au 20 hupasuka katikati kwa upepo au kwa uzito wa barafu, nusu huku nusu kule. Juu ya hayo umezaliana porini kiasi kwamba Ohio, Pennsylvania na South Carolina zimepiga marufuku kuuuza. Na barafu, hapa tuelewane, si ugonjwa mmoja na baridi. Mwanzoni mwa Februari 2023 Austin ilipigwa na mvua iliyoganda kwenye matawi. Kipimajoto hakikushuka sana, lakini matawi yalielemewa na uzito na kukatika juu ya nyaya, na zaidi ya wateja 170,000 wakakosa umeme. Mialoni ya asili ilikatika sawa na wageni, tena zaidi ile isiyopukutisha majani wakati wa baridi, kwa kuwa kila jani lilibeba barafu yake.

Ndiyo maana, ukiniuliza, jambo kubwa kuliko ugeni ni rika. Galveston, kisiwa kilicho saa moja kutoka hapa, ilifagiliwa na kimbunga cha 1900. Wakaijengea ukuta, wakainyanyua ardhi kwa mchanga, kisha wakapanda miti upya kwa mkupuo, kazi nzuri iliyosimamiwa zaidi na akina mama wa mji. Septemba 2008 kimbunga Ike kilileta maji ya chumvi juu ya mizizi hiyo, na kisiwa kikapoteza takriban miti 40,000. Muuaji pale alikuwa chumvi, lakini sura ya msiba ni ileile: kizazi kizima kilichoingia pamoja kikatoka pamoja, na mitaa ikabaki bila hata mti wa makamo wa kuziba pengo. Marekani imeuona mchezo huu tangu ugonjwa wa kuvu ulipoanza kuumaliza mti wao wa elm kwenye miaka ya 1930. Mitaa mingi ikajazwa ash badala yake, halafu mwaka 2002 akagunduliwa Michigan mdudu wa kijani anayeitoboa ash. Mwaka 2016 alionekana Texas. Baada ya mafunzo kama hayo, mtaalamu Frank Santamour alipendekeza mwaka 1990 kwamba mji usiwe na zaidi ya asilimia 10 ya miti ya spishi moja, 20 ya jenasi moja, 30 ya familia moja. Kanuni nzuri, inanukuliwa kila mahali. Lakini mtaa unaweza kuitimiza hadi nukta ya mwisho, ukawa na spishi kumi tofauti, zote zimepandwa wiki moja mwaka 1988.

Na mti mzee haupokei pigo moja. Ukame wa 2011 uliua miti milioni 5.6 ya mijini Texas, kwa makadirio ya idara ya misitu ya jimbo. Uliobaki hai ulibaki na mizizi pungufu. Ukaja 2021. Kiangazi cha 2023 Austin ilihesabu siku 80 za joto lililofikia nyuzi 38 au kuzidi. Kuvu iitwayo Hypoxylon, ambayo hukaa kwenye mwaloni mzima bila kuudhuru, huamka mti ukichoka na kuuvua gome kuanzia ndani. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipoizimia Houston umeme kwa wateja zaidi ya milioni mbili, upepo wake ulikuta matawi mengi yaliyokwisha kukauka siku nyingi. Katika mfululizo huo, kuchagua tarehe moja na kuiita siku ya kifo ni mambo ya karani anayetaka kujaza fomu.

Imebaki hoja ya wenye msumeno: sababu haijalishi, miti ni mizee, ikatwe yote kabla haijaangukia mtu. Hii siipuuzi. Mti uliokufa haukai salama kwa kusubiriwa. Mbao zake hukakamaa na kukatika bila onyo, mkwezi hukataa kuukwea, na gharama ya kuuondoa huongezeka kila mwaka. Mtende uliooza kichwa unapaswa kuondoka mapema. Mwenzetu aliyenunua nyumba ya kwanza, ambaye mti wake una tawi bichi upande mmoja na kavu upande wa paa, hana haja ya mhadhara wa mwandishi wa makala. Anahitaji mtu mwenye kamba na bima. Ninachopinga ni neno "yote". Mwaloni uliojikunja majani Februari unaweza kuwa mzima kabisa mwezi wa sita, na ndiyo sababu wataalamu wa Texas walisihi watu wasubiri hadi kiangazi. Isitoshe, kuanzia Februari hadi Juni ndiyo miezi ambayo mwaloni haukatwi ovyo huku, kwa sababu mbawakawa wadogo hufuata utomvu wa kidonda kibichi wakiwa wamebeba kuvu ya mnyauko. Jeraha la msumeno lisilopakwa rangi siku hiyohiyo ni mlango wazi. Mwaka 2021 makundi ya wakataji waligonga nyumba hadi nyumba Machi na Aprili. Sina shaka ipo mialoni iliyopona baridi ikaangamizwa na huruma.

Mtaa wenye akili ungepima kila mti peke yake, ukakata miwili mwaka huu, mmoja mwaka ujao, ukapanda kila mwaka kidogo, aina tofauti, hata kama mstari hautapendeza kwenye picha ya kuuzia nyumba. Hapo ndipo penye ugomvi, kwa sababu mstari ulionyooka ndio unaouza, na bajeti ya chama hupitishwa mara moja kwa kazi ya mara moja. Miji nayo hutenga fedha za kupanda, kwa kuwa kupanda kuna picha na koleo lenye utepe. Kumwagilia miaka mitatu ya mwanzo hakuna mpiga picha.

Mti wa kwanza kati ya sita umeshakatwa. Ulikuwa ash, na ash ina pete za miaka zinazosomeka vizuri, kwa hiyo Jumamosi nilikwenda na tochi na brashi ya meno. Nilihesabu pete 41. Kumi na mbili za ndani ni pana kama kidole, kisha zinaanza kubanana. Za miaka 15 ya mwisho ni nyembamba kama kurasa za kitabu, na ile ya 2021 huwezi kuitofautisha na jirani zake. Katikati palikuwa na uozo wa ukubwa wa sahani. Nilipochimba kidogo kwa mkono niliukuta mzizi mnene kama mkono wangu umezunguka shina na kuzama ndani ya gome. Mzizi huo hauzaliwi mtaani. Huanza kitaluni, mche unapokaa muda mrefu kwenye ndoo na mizizi ikakosa pa kwenda, na usipokatwa siku ya kupanda hunenepa pamoja na shina hadi unalinyonga.

Miche mipya iliteremshwa siku hiyohiyo jioni, sita, mizuri, majani yanang'aa. Niliulaza mmoja na kuivuta ndoo. Mizizi ilikuwa imezunguka mara tatu.